Eti tuliotazama TV dirishani kwa watu tunyamaze! Leo huyu jamaa kanichefua

Wakuu, sina salamu. Natoka kugombana sasa hivi, hata mikono inatetemeka.

Simtaji, mnamjua. Yule yule. Kijiweni yupo, msibani yupo, kila kundi la WhatsApp yupo, na lazima neno la mwisho liwe lake.

Tulikuwa tunapiga stori za zamani kwenye kundi la mtaa, raha kabisa. Kaole, lile kundi la maigizo la ITV, na michezo yao Jahazi, Dira, mwigizaji Kanumba enzi hizo kijana mdogo hata filamu hajaanza. Mtu akatukumbusha Bishanga wa mchezo wa Mambo Hayo, kundi likawaka, mpaka mashangazi ambao mwaka mzima wanatuma dua za asubuhi tu wakaanza kuchangia. Na mimi nikatia langu. Ndipo jamaa akaingia, tena hakuandika, katuma voisi. Kakohoa, kasafisha koo, kisha: "Mliokuwa mnaangalia dirishani kwa watu nyamazeni kwanza, tuongee tuliokuwa na TV nyumbani."

NYAMAZENI KWANZA!

Na mashangazi wakacheka. Mashangazi walionipakata!

Sasa sikilizeni. TV kwao ilikuwepo, sikatai. Ya chogo, ndani ya kabati lenye mlango, na ufunguo anatembea nao baba yake mfukoni. Jioni huyu bwana anafungiwa chumbani na vitabu vya tuisheni. Kaona nini? Kaole kaijua juzi juzi YouTube, mtu mzima ana kitambi, tena vipande vilivyokatwa kichwa na miguu. Siku hiyo hiyo akatuandikia "wadau, nimegundua mchezo mmoja wa zamani mkali sana." Kagundua! Mchezo ambao mtaa mzima tulikuwa tunaoga mapema kwa ajili yake, yeye kaugundua!

Mimi nilikuwa dirishani na nasema kwa kifua mbele. Wavu wa mbu ulikuwa unatuchora vijimraba kwenye paji la uso, ukirudi nyumbani mama anajua ulikotoka kabla hujafungua mdomo. Wafupi juu ya ndoo, warefu nyuma, mmoja yuko nje anazungusha antena kwenye mlingoti wa mwanzi na sisi tunapokezana maneno ya kumwelekeza: "Bado! Bado! Umepitiliza! Hapo hapo, usiguse!" Chenga zikitulia, kelele zinasikika mpaka barabarani. Mwenye nyumba akifunga pazia tunasikiliza sauti tu, na kesho yake shuleni tunaigiza mchezo mzima, kila mtu na sauti yake. Nani alikuwa mtazamaji hapo? Sisi au mtoto wa kabati?

Bara yote ilikaa bila kituo cha TV mpaka 1994. Nchi nzima imeanzia kwa jirani! Sebule ngapi zilikuwa na TV? Waliobaki wote wanyamaze kwanza?

Ile voisi nimeirudia mpaka simu imezima. Anavyokohoa pale mwanzoni, kama waziri anayesubiri makofi. Nikaandika jibu refu, limetoka moyoni, admini kafuta. Admini ni shemeji yake.

Natamka rasmi: huyu mtu asiongee tena habari ya mchezo wowote wa kabla ya 2005. Nawasilisha.

Mpingo Mkavu: Pole mkuu. Ila sisi wa ndani tulikuwa tunakufa kwa joto, dirisha zima vichwa.

Bi Mkasi: Vijimraba kwenye paji la uso, nimecheka mpaka mtoto kaamka. Lakini mtoa uzi, voisi moja tu ndiyo imekutoa roho hivi? Kunywa maji.

Mtoa uzi: Sijatoka roho. Kasema nyamazeni kwanza MBELE YA MASHANGAZI.

Karafuu ya Pemba: Nyie wa Bara mnagombania 1994? Sisi Zanzibar tuna TV ya rangi tangu miaka ya 70, ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara. Hizo chenga zenu mnazitolea historia ya nini?

Mpingo Mkavu: Haya, Wazanzibari wameingia. Uzi umekwisha.

Mwana Likoni: Na kila kitu Kaole, Kaole. Huku Kenya tumekuzwa na Vitimbi na Vioja Mahakamani. Mzee Ojwang na Mama Kayai wakianza vituko vyao nyanya yangu anaepua sufuria hata kama wali haujaiva. Mzee alituacha 2015 na hajatokea mwingine. Nikawatafutia watoto wangu mtandaoni, wameangalia dakika mbili wakauliza mbona picha ina ukungu. Mimi hasira yangu ni hiyo, si voisi.

Bi Mkasi: Isidingo je, ile tamthilia ya Afrika Kusini? Utotoni nilimchukia Cherel mpaka nikawa namuombea mabaya. Sasa hivi nimeolewa, naangalia upya vipande vyake, namuelewa yule mama! Mumewe Barker ndiye wa kuchapwa. Na bibi yangu alikuwa hajui Kiingereza hata kidogo, lakini ndiye aliyekuwa anatutafsiria, na hatukubishana naye. Walipoifunga 2020 hakuna aliyetupa pole.

Mtoa uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Huyu jamaa achukuliwe hatua gani?

Chuma cha Pua: Hatua ipi wakati watu tunateseka na ving'amuzi? Dar walipozima analojia tarehe 31 Desemba 2012 tuliambiwa picha itakuwa safi. Leo dakika ya 88 kona inapigwa, skrini bluu: hakuna mawimbi. Angalau chenga ulikuwa unaona miguu inatembea!

Karafuu ya Pemba: Hapo nakuunga mkono. Mvua ya rasharasha tu kimekufa.

Mwana Likoni: Dishi lako limelegea wewe. Umepanda juu ukaliangalia?

Mtoa uzi: Jamani, mada.

Chuma cha Pua: Nimepandisha fundi, kachukua hela, kaligusa kidogo akashuka. Jioni yake limerudi vile vile.

Mpingo Mkavu: Mafundi wa madishi ndio wezi wakubwa nchi hii. Wangu alinibadilishia waya mzima nikiwa kazini, kumbe kaniwekea uliokatika katikati na kuungwa kwa selotepu.

Mwana Likoni: Kaza nati ya nyuma kwanza, halafu chomoa waya pale unapoingilia. Ukiona kutu ya kijani, kata kipande, uvue upya. Na usipande bati likiwa na umande.

Chuma cha Pua: Kijani ipo. Nashuka nitafute kisu.