Tezi dume imekua na bado tunatafuta mtoto: nichague tiba ipi?

Baharia56:
Habari zenu wakubwa. Nina miaka 56 na huu ni mwaka wa tatu sijalala usiku mzima. Naamka mara nne, mara tano. Nikifika chooni naegemeza mkono ukutani, nafungulia bomba maji yatiririke ndipo na mimi nianze. Kinachotoka ni uzi tu, unakatika, unaanza tena. Nikirudi kitandani nahisi mkojo mwingine umebaki.

Ultrasaundi imeonyesha tezi ya gramu 54, na nikishakojoa kibofu kinabakiza mililita 120. Kipimo cha damu cha PSA ni kizuri, na daktari alipopima kwa kidole hakukuta ugumu wowote. Kasema ni kukua kwa umri, si saratani. Nimemeza tamsulosini mwaka mzima. Mkojo ulifunguka kidogo, ila tangu nianze hiyo dawa nafika kileleni na hakitoki kitu. Sasa daktari anataka nifanyiwe operesheni ya kukwangua tezi kupitia njia ya mkojo, na ameniambia wazi kwamba baada yake huenda shahawa zisitoke tena.

Mke wangu ana miaka 38 na hatujajaliwa mtoto wa pamoja. Nimesikia kuna tiba za mvuke, na nyingine ya kubana tezi kwa vipini, ambazo hazikati nyama. Aliyefanya anieleze ukweli: nguvu zilibaki? Shahawa je?

Mvuvi wa Zamani:
Ndugu yangu, mimi nilikwanguliwa nikiwa na miaka 67. Nakojoa kama kijana na mambo yanasimama kama awali. Shahawa ndizo sizioni. Zinarudi ndani, na mkojo wa kwanza baada ya tendo unatoka na ukungu. Raha ipo palepale. Mimi nilikuwa nimeshamaliza kuzaa, sikuona hasara. Wewe usiharakishe.

Fundi Saa:
Kaka Baharia, naandika kwa urefu kwa kuwa nilikaa hapo ulipokaa. Nilikuwa na miaka 54, tezi gramu 48, na hofu ambayo sikumwambia mtu kwa miezi saba. Nilichokuja kuelewa, na ningependa uelewe kabla hujatia sahihi popote, ni kwamba watu wanachanganya mambo mawili. Kusimama ni jambo moja, kumwaga ni jingine. Unaweza kupoteza la pili na la kwanza likabaki zima.

Mishipa ya fahamu ya kusimamisha inapita nje ya tezi, ubavuni. Operesheni ya kukwangua inafanyika ndani, ndiyo maana wengi wanabaki na nguvu zao. Kinachoharibika ni shingo ya kibofu. Kwa kawaida inajifunga wakati wa kileleni ili shahawa zielekee mbele. Ikishapanuliwa haifungi tena, basi zinaangukia kibofuni. Baada ya kukwanguliwa hali hiyo inawapata wanaume wengi, zaidi ya nusu. Hazikudhuru zikiwa humo, lakini mtoto hapatikani kwa njia ya kawaida.

Mimi nilifanya ya mvuke, inaitwa Rezum. Marekani iliidhinishwa mwaka 2015. Kifaa chembamba kinapita njia ya mkojo, kinatoa sindano inayochoma kwenye tezi na kupuliza mvuke wa maji kwa sekunde 9. Nilipigwa sindano sita. Nilipewa dawa ya kunisinzisha, ninachokumbuka ni sauti ya muuguzi akihesabu. Mvuke unaua nyama iliyozidi, kisha mwili unaifyonza taratibu kwa wiki na miezi.

Hilo neno taratibu ulishike, kwa sababu mimi nililipuuza nikateseka. Nilirudi nyumbani na mpira wa mkojo, nikakaa nao siku tano. Ulipotolewa, wiki mbili za kwanza nilikojoa vibaya kuliko kabla ya tiba: kuungua, kukimbilia chooni, damu kidogo asubuhi. Tezi ilikuwa imevimba. Usiku wa kumi nilimwambia mke wangu, "Nimejiharibia." Wiki ya sita nikaamka, nikaona kuna mwanga dirishani, na nilikuwa sijaenda chooni hata mara moja tangu nilale. Niliketi kitandani nikalia.

Upande wa ndoa: kusimama hakukubadilika. Shahawa za mwanzo zilikuwa na rangi ya kutu, nikashtuka, daktari akasema ni damu ya zamani inajisafisha. Sasa zinatoka, pengine pungufu kidogo kuliko zamani. Wapo wachache ambao shahawa zao zinakauka hata kwa mvuke, kwa hiyo mtu asikuapie asilimia mia.

Sista wa Wodi:
Shikamoo kaka Baharia. Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya mkojo, niongeze machache.

Huko kutotoka kitu kunaweza kuwa ni tamsulosini yenyewe, inajulikana kwa hilo. Kwa wengi shahawa hurudi dawa ikisimamishwa, lakini usiiache peke yako. Kibofu chako tayari kinabakiza mkojo, unaweza kuziba kabisa. Mweleze daktari kwamba mnatafuta mtoto. Mara nyingi wagonjwa hawasemi, na daktari akiona mvi anadhani suala la watoto limekwisha. Ukiandikiwa finasteridi, dawa ya kusinyaza tezi, uliza pia: kwa baadhi inapunguza hamu, na inashusha PSA karibu nusu, kwa hiyo atakayesoma kipimo chako baadaye lazima ajue unaitumia.

Hiyo ya vipini ni UroLift, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013. Vipini vidogo vinavuta nyama ya tezi pembeni, njia inafunguka, hakuna kinachokatwa wala kuchomwa. Ndiyo yenye sifa nzuri zaidi kwenye kulinda shahawa. Kasoro yake ni kwamba haidumu kwa wote: katika utafiti uliofuatilia wagonjwa miaka 5, takriban mmoja kati ya saba alihitaji kutibiwa tena. Kwa mvuke walikuwa kama 4 kwa kila 100. Kukwangua bado ndiko kunakofungua mkojo kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo unapima kati ya mkondo wa mkojo, muda na shahawa.

Gramu 54 hazikuzuii, tiba zote mbili zinatumika sana kati ya 30 na 80. Uliza kama una lile tonge la katikati linalochomoza kwenye kibofu. Likiwepo, vipini huenda visifae, wakati mvuke unaweza kulifikia. Na vyovyote utakavyochagua, uliza kuhusu kuhifadhi mbegu kabla ya tiba.

Ukifanyiwa lolote, kisha mkojo ukakataa kabisa, homa ikapanda au mabonge ya damu yakatoka, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mama Kassimu:
Shemeji, mimi ni mke wa aliyekwanguliwa. Wangu hakuniambia. Nilidhani ana mwanamke nje, maana kila tukimaliza hakuna kitu. Mwaka mzima nililia chooni. Nenda na mkeo kwa daktari, asikie kwa masikio yake.

Baharia56:
Nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Fundi Saa, hapo uliposema kusimama na kumwaga ni vitu viwili, nilikuwa sijawahi kuvitenganisha. Dada Mama Kassimu, umenigusa. Jana usiku nilimwonyesha mke wangu maneno yako. Akanyamaza kidogo, akasema yeye alidhani nimemchoka.

Jumanne tunaenda wote. Nyuma ya karatasi ya ultrasaundi ameandika kwa mkono wake: dawa ibadilishwe? tonge la katikati lipo? mbegu zihifadhiwe kwanza? mpira siku ngapi? La tano kaliandika akalipigia mstari: tukijaribu miezi sita kabla ya tiba yoyote, kibofu kitavumilia? Nitarudi kuwaambia alichojibiwa.