Mtoto wa mvuvi aambiwe udaktari si wake?

Juzi baada ya Alasiri, barazani hapa Mkunguni, ami yangu mmoja ninayemheshimu sana alitoa kauli iliyoninyima usingizi. Alisema watoto wa wavuvi na vibarua wa Lamu waambiwe ukweli mapema: wasahau udaktari na urubani, wafundishwe umeme na mabomba wapate riziki ya haraka, na asiyetaka, bahari ipo. Hoja yake ni kwamba kuingia chuo kikuu kwataka C+ ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, wengi hawaifikii, wanaoifikia hukwama kwa karo, na matokeo yakitoka ndoto kubwa humvunja mtoto moyo.

Sikubaliani naye, na naileta kauli hiyo mjadalani hapa.

Ufundi ni kazi ya heshima, sina neno nao. Kinachoniuma ni nani anayeelekezwa huko. Mtoto wa afisa akitaka udaktari hutafutiwa mwalimu wa tuisheni. Wa mvuvi akitaka huohuo, huambiwa ajikune ajipatapo.

Mwaka 2025 nilikaa na msichana wa Gredi ya 9 kutoka kisiwa cha Pate, alipokuwa akichagua mkondo wa masomo wa sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12). Anataka kuwa daktari wa uzazi, maana mamake alijifungulia mashuani usiku kabla hawajaifikia hospitali. Kwenye karatasi yake alikuwa ametia alama mkondo wa Sayansi za Jamii. Nikamuuliza kwa nini. Akanionyesha kwa kidole: "Si hii hapa, sayansi?" Wino ulikuwa umeshakauka. Alijua anachokitaka na sababu yake, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kuwa biolojia na kemia ziko mkondo mwingine. Babake alikuwa amekaa kando, kofia mkononi, anatusikiliza tu. Kama tungemfuata ami, yule binti angeambiwa hiyo alama aiache palepale.

Na bahari anayoitaja ami si ile ya ujana wake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari mpya. Bandari hiyo, ambayo gati lake la kwanza lilizinduliwa Mei 2021, yahitaji wahandisi na marubani wa kuingiza meli, kazi zisizopatikana bila hisabati na fizikia. Tukiwapunguzia watoto wetu masomo leo, kesho tutalalamika kuwa wageni wametwaa nafasi.

Kwenye karo ami ana haki, hapo sibishani naye. Wapo waliofaulu wakabaki nyumbani kwa kukosa nauli na ada ya mwanzo. Lakini hilo ni la kuibana kaunti na wabunge kuhusu basari, na zitoke kwa wakati.

Ami, na nyote wa Faza, Witu na Malindi, nijibuni hili: shuleni kwenu, ni nani hukaa na mtoto akamsomea ile karatasi kabla hajatia alama?