Mrejesho: Nilikohamishia makala zangu baada ya Pocket kufungwa

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza nihamie wapi baada ya Mozilla kuifunga Pocket, app ya kuhifadhi makala za mtandaoni uzisome baadaye, Julai 2025, maana makala ndefu nazisoma kwenye daladala, mara nyingi bando limekata. Nimetulia na Wallabag, inayofanya kazi hiyo hiyo. Ni programu huria, na lile faili la CSV (orodha ya viungo vya makala zangu) nililopakua Pocket imelipokea, viungo vikaingia. Kilichonikosha hasa ni kwamba inatoa makala kama EPUB, yaani faili la kitabu cha kielektroniki: naiweka kwenye simu, nakuza herufi, usiku nageuza ukurasa mweusi, matangazo hakuna. Instapaper, app nyingine ya aina hiyo, nayo nzuri, tena rahisi kuanza. Kurasa zenye majedwali mengi bado zinavurugika. Hizo nahifadhi kama PDF. Mkuu uliyenielekeza kwenye EPUB, asante sana, umenisaidia mno.