Beki wa Tatu wa Kati

Kikundi cha ukoo, Alhamisi, 27 Novemba 2025

Kaka Mkubwa: Shikamooni wakubwa, na wadogo nyote hamjambo. Nimekaa kimya tangu jana usiku kwa sababu sikutaka kuandika nikiwa na hasira. PSV ya Uholanzi wametufunga sisi Liverpool mabao 4–1 nyumbani kwetu Anfield, siku nne tu baada ya Nottingham Forest kutufunga 3–0 katika uwanja huohuo, na kabla ya hapo Manchester City walikuwa wametufunga 3–0 kwao. Katika michezo 12 ya mashindano yote tumepoteza 9. Nina jambo moja la kusema kuhusu usajili wetu, na naomba mnivumilie nilieleze mpaka mwisho.

Mjomba: Marahaba, mpwa wangu. Eleza, lakini tafadhali usianze na Isak, mshambuliaji wetu mpya, maana tangu jana kila anayenipigia simu anaanza naye.

Kaka Mkubwa: Sianzi na Isak, Mjomba. Naanzia nyuma, karibu na lango letu. Litazameni tena bao la tatu la jana. Mpira ulimfikia beki wetu Konaté, mpira wa kawaida ambao beki wa kati huuondoa bila kufikiri. Akaurushia mguu, akaukosa, Pepi wa PSV akapenya, akapiga mwamba, na mwenzake Driouech akaukuta unarudi akausukuma wavuni. Watu wanamtukana Konaté tangu jana. Mimi nilikuwa natazama benchi. Mchezaji huyu amekuwa akiyumba kwa wiki kadhaa, mkataba wake unaisha mwezi wa Juni mwakani, na kila mtu anaona kwamba anahitaji kupumzishwa, lakini kocha akigeuka nyuma anamkuta Joe Gomez peke yake, ambaye majeraha hayajampa nafasi ya kupumua kwa miaka mingi. Baada ya Gomez hakuna mtu.

Binamu: Samahani, Kaka, nisaidie kidogo. Si ninyi mliotumia zaidi ya pauni milioni 400 katika dirisha moja la usajili? Inakuwaje klabu itumie fedha kiasi hicho kisha ikose beki wa akiba?

Kaka Mkubwa: Ndilo swali langu, mdogo wangu. Isak alitoka Newcastle kwa pauni milioni 125, kiwango ambacho hakuna klabu ya Uingereza iliyowahi kulipa kabla. Wirtz alianzia pauni milioni 100 na nyongeza juu yake. Ekitike akaja, Kerkez akaja, Frimpong akaja. Katikati ya ulinzi tulimuuza Jarell Quansah kwa Bayer Leverkusen kwa karibu pauni milioni 30, tukamnunua Giovanni Leoni kutoka Parma, kijana wa miaka 18. Leoni alianza mchezo wake wa kwanza mwezi wa Septemba, Kombe la Ligi dhidi ya Southampton, na alicheza vizuri kiasi kwamba nilimwandikia Mjomba kabla mpira haujaisha kwamba tumepata mtu. Muda mfupi baadaye alianguka vibaya, akatolewa kwa machela, na vipimo vikaonyesha kwamba kano ya goti imekatika. Kwa kijana yule msimu uliishia hapo, na beki wetu wa tatu wa kati aliondoka naye.

Mjomba: Nakumbuka ujumbe ule, na nakumbuka pia kwamba sikuwa na la kukujibu. Lakini mpwa, tuwatendee haki viongozi wa klabu. Marc Guehi, beki wa kati wa Crystal Palace, alikuwa amekubali kuja. Siku ya mwisho ya usajili, tarehe 1 Septemba, klabu mbili zilikuwa zimekwisha kuelewana kwa pauni milioni 35, kisha Crystal Palace wakasita dakika za mwisho kwa kuwa walishindwa kumpata wa kuziba nafasi yake. Hapo Liverpool wangefanya nini?

Kaka Mkubwa: Mjomba, umenisogezea hoja yangu mdomoni. Palace walikataa pauni milioni 35 za mchezaji ambaye mkataba wake ulikuwa umebakiza mwaka mmoja tu, na walikataa kwa sababu walihesabu mabeki wao wa kati wakaona hesabu haitimii. Wana mfuko mdogo kuliko wetu kwa mbali, lakini walijua kuhesabu. Tarehe 27 Septemba timu hiyohiyo, Guehi akiwa nahodha, ilitufunga 2–1 kwa bao la Nketiah dakika za nyongeza, na mwezi uliofuata ikaja Anfield ikatutoa katika Kombe la Ligi kwa mabao 3–0. Sisi nafasi hiyo tuliiacha hadi siku ya mwisho, ilhali tulikuwa na majira yote ya joto ya kuishughulikia.

Shangazi: Nawasalimu nyote. Msinifikirie kwamba nimekuja kushangilia, ingawa jana usiku huohuo Arsenal yangu iliifunga Bayern 3–1. Nimekuja kwa sababu ugonjwa huu anaousema mwanangu niliwahi kuuugua. Msimu wa 2022/23 tuliongoza ligi kwa siku 248. Machi tukacheza na Sporting ya Lisbon katika Ligi ya Europa, beki wetu wa kati William Saliba akaumia mgongo, na hakurudi tena uwanjani msimu ule. Akaingia Rob Holding, mtu mwenye moyo wa kujituma, lakini timu nzima ilikuwa imezoea kusogea mbele kwa kuwa Saliba aliweza kukimbizana na mtu yeyote nyuma yao. Tuliongoza 2–0 pale kwenu Anfield, tukatoka sare ya 2–2. Wiki iliyofuata tukaongoza 2–0 kwa West Ham, tukatoka sare tena. Southampton, waliokuwa mkiani, wakatushika 3–3 nyumbani, kisha City wakatufunga 4–1. Tulimaliza na pointi 84, wao 89.

Shangazi: Nimekata ujumbe ili usiwe mrefu mno. Ninachotaka kusema ni kwamba safari hii viongozi wetu wa Arsenal wamejifunza. Wamemnunua Mosquera kutoka Valencia, halafu wakamchukua Hincapié kwa mkopo kutoka Leverkusen, klabu ileile mliyoiuzia Quansah. Watu waliuliza mabeki wote hao ni wa nini, Saliba na Gabriel wakiwa wazima. Gabriel akaumia mwezi huu akiwa na Brazil, na Jumapili dhidi ya Tottenham aliyesimama nafasi yake ni Hincapié. Tulishinda 4–1. Hata jana, mabao mawili kati ya matatu yalifungwa na Madueke na Martinelli, ambao wote wawili walianzia benchi.

Binamu: Kwa hiyo Leverkusen walikuwa na beki wa kumwazima Shangazi na bado wakawa na nafasi ya kumnunua wa Kaka.

Kaka Mkubwa: Naam, na nimekuwa nikiliwaza hilo wiki nzima.

Mjomba: Shemeji, nakubaliana nawe kuhusu Saliba, lakini tusisahau msimu uliopita. Liverpool ilimnunua Chiesa peke yake kwa ajili ya msimu ule, naye hakucheza sana. Tulimtaka Zubimendi kwa nafasi ya kiungo mkabaji, akakataa, kocha Slot akamrudisha Gravenberch nyuma kidogo, na Gravenberch akawa kiungo bora kuliko tulivyotarajia. Tukachukua ubingwa kwa pointi 84, kumi zaidi ya Arsenal. Upana wa kikosi ulikuwa wapi wakati huo? Wakati mwingine kocha anayewajua vijana wake vizuri ana thamani kuliko wachezaji watano wapya, na mchezaji anayekaa benchi miezi mitano huharibika moyo, akawaharibu na wenzake.

Kaka Mkubwa: Hoja yako ina uzito, na kuhusu Gravenberch sina ubishi. Lakini msimu ule Salah alicheza michezo yote 38 ya ligi na Van Dijk akacheza 37. Afya ya namna hiyo haipangwi na mkurugenzi wa usajili. Ikija mshukuru Mungu, na mwaka unaofuata ujiandae kana kwamba haitarudi. Halafu kumbuka kwamba Quansah alikuwapo. Hakutuvutia sana, na siku ya kwanza kule Ipswich alitolewa wakati wa mapumziko, lakini alikuwapo.

Mjomba: Basi nikueleze kwa nini aliuzwa, maana kuna hesabu ambayo mashabiki huwa hawaiangalii. Klabu ikimnunua mchezaji, gharama yake hugawanywa katika vitabu kwa miaka ya mkataba, isiyozidi mitano. Lakini ikimuuza kijana iliyemlea yenyewe katika akademi, ambaye hakununuliwa, karibu fedha yote huandikwa kuwa faida ya mwaka huohuo. Kanuni za ligi zinaziruhusu klabu hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Quansah aliingia akademi yetu akiwa mtoto wa miaka mitano. Kwenye karatasi za mhasibu, hakuna mauzo matamu kama hayo.

Kaka Mkubwa: Naielewa hesabu hiyo, Mjomba, na ndiyo inayoniuma zaidi. Kanuni iliyowekwa ili klabu zisifilisike imewafanya vijana waliolelewa nyumbani kuwa ndio wa kwanza kupelekwa sokoni, na vijana hao ndio ambao kwa kawaida hukubali kuwa wa tatu au wa nne bila kununa, kwa sababu jezi ile wameivaa tangu utotoni.

Dada: Nimesoma yote na kuna kitu hamjakigusa. Tarehe 3 Julai Diogo Jota alifariki yeye na ndugu yake katika ajali ya gari huko Hispania. Wachezaji hawa walimzika mwenzao, na siku chache baadaye wakaanza mazoezi. Hakuna dirisha la usajili linaloziba pengo la namna hiyo, kwa hiyo naomba tunapohesabu mabeki tusiwahesabu binadamu hawa kama kete za mchezo wa bao.

Kaka Mkubwa: Dada, asante. Umesema kweli, na sitalijadili hilo kwa mizani ya usajili hata kidogo.

Mjomba: Apumzike kwa amani. Hata sisi tuliokuwa mbali tulilia siku ile.

Kaka Mkubwa: Kilichonikaa moyoni hasa ni kwamba jambo hili limewahi kutupata sisi wenyewe. Majira ya joto ya 2020, tukiwa mabingwa, tulimuuza Lovren kwenda Zenit na hatukununua beki wa kati mwingine. Oktoba Van Dijk akaumia goti kwenye mchezo na Everton. Novemba Gomez akaumia mazoezini na timu ya taifa ya Uingereza. Mwishoni mwa Januari Matip naye akaumia, tukiwa kwa Tottenham. Katikati ya hayo kocha Klopp aliwarudisha Fabinho na Henderson wacheze nyuma, na hapo ndipo tulipopotea, kwa sababu kwa kuziba tundu moja tulifungua mawili. Fabinho alijitahidi sana kule nyuma, lakini nani abaki kuukata mpira katikati ya uwanja? Tulikuwa hatujafungwa nyumbani katika michezo 68 ya ligi, Burnley wakaja Januari 2021 wakatufunga kwa penalti, na kuanzia mchezo huo tukapoteza michezo sita ya ligi mfululizo pale Anfield, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya klabu. Siku ya mwisho ya dirisha tulimleta Kabak kwa mkopo na kumnunua Ben Davies kutoka Preston, na Davies hakuwahi kutuchezea hata mchezo mmoja wa mashindano.

Binamu: Lakini si mlimaliza katika nafasi ya tatu?

Kaka Mkubwa: Tulimaliza wa tatu, na naomba mtazame ilivyokuwa. Mwishoni mwa msimu Fabinho alirudishwa katikati, nyuma wakasimama Nat Phillips na Rhys Williams, vijana ambao mwanzoni mwa msimu hakuna shabiki aliyewaweka katika mipango yake. Phillips hakuwa na kasi, lakini kila mpira wa juu alikwenda nao kana kwamba ni wa mwisho duniani, na kule Burnley akafunga kwa kichwa. Katika michezo kumi ya mwisho tulishinda minane na kutoka sare miwili. Beki wa kawaida akiwa mahali pake alitusaidia kuliko kiungo hodari aliyehamishwa kutoka kwake. Ndiyo maana mwaka huu nilipomwona Szoboszlai, kiungo wetu bora kuliko wote kwa sasa, akicheza beki wa kulia, moyo ulinipasuka. Niliiona 2021 inarudi.

Shangazi: Mwanangu, hilo la Phillips limenigusa. Kumbe hukumtaka mtu wa milioni 100.

Kaka Mkubwa: Sikumtaka kamwe, Shangazi. Upana wa kikosi si wingi wa majina makubwa. Ni kwamba akitoka mtu mmoja, anahama mmoja tu. Akitoka mmoja wakahama watatu, huna kikosi kipana hata kama umetumia milioni 400. Januari namtaka beki wa kati mmoja aliyekomaa, awe Guehi au mwingine, na ninamtaka wiki ya kwanza ya mwezi, si siku ya mwisho.

Mjomba: Hapo tumeelewana. Isak na Wirtz mimi bado nawaamini. Isak hakupata hata maandalizi ya msimu kwa ule mvutano wake na Newcastle. Sasa niambie, Jumapili tunakwenda West Ham. Ukipewa wewe orodha, nyuma unamweka nani?

Kaka Mkubwa: Ningempumzisha Konaté, nimweke Gomez pembeni ya Van Dijk, na Szoboszlai nisimtoe katikati. Beki wa kulia ndiyo sina wa kumtaja bila kumhamisha mtu, maana Bradley na Frimpong wote ni majeruhi. Na kuanzia dakika ya kwanza, Mjomba, kila Gomez atakapojinyoosha kuukata mpira, nitakuwa naangalia goti lake kabla ya kuangalia mpira umekwenda wapi.