Farasi wa porini niliyemwokoa hataki kuguswa, wiki ya 6 sasa. Naombeni ushauri

Mlezi Mpya

Habari zenu wadau. Nimepitia nyuzi za zamani za farasi, lakini nyingi ni za waliozaliwa zizini na kuguswa tangu siku ya kwanza. Wangu si hivyo, ndiyo maana nafungua uzi huu.

Ni jike, umri miaka 5 hivi kwa jinsi daktari alivyoyasoma meno. Alizaliwa porini, akakulia kundini, akakamatwa na wenzake. Akapita mikononi mwa watu ambao sitawataja, na aliponifikia mbavu zilikuwa zinahesabika, mguu wa mbele wa kushoto una kovu la kamba limeuzunguka juu kidogo ya kwato. Nimempa jina Umande.

Wiki tatu za kwanza tulikwenda vizuri. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda ndani ya zizi asubuhi na jioni, simtazami, simwiti. Akafika mahali anakula nikiwa hatua tatu tu kutoka kwake. Siku moja alininusa kiatu. Nilirudi ndani nikilia kwa furaha.

Wiki ya nne nikaharibu. Kwato zilikuwa zimerefuka, fundi wa kwato alikuwa anakuja, nikaona lazima avae hatamu. Tukaingia watu watatu, tukambana kwenye kona, mmoja ana kamba. Alijirusha kwenye uzio akachanika kifuani. Jeraha limepona. Lakini tangu siku ile nikifungua lango anakimbilia kona ya mbali, anageuza makalio kwangu, anatetemeka. Hata ndoo ya rangi tofauti inamfanya azunguke zizi zima. Turubai likipigwa na upepo ndiyo usiseme.

Kosa ni langu na linaniuma. Naomba kujua: nimemharibu moja kwa moja? Naanzia wapi? Na kwato nifanyeje?

Nyasi Kavu

Pole sana dada. Sina uzoefu wa wa porini ila nakaa hapa nijifunze. Hujamharibu, mtu asiyejali asingeandika hivi.

Kwato Nne

Dada, nimelea watano wa aina hiyo na kila mmoja alinifunza upya. Jibu la swali la kwanza: hapana, hujamharibu. Ila farasi hasahau, kwa hiyo usisubiri afute siku ile. Unachoweza kufanya ni kumwekea siku nyingi njema juu yake mpaka ile moja iwe nyembamba.

Muone kwanza alivyoumbwa. Macho yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu mzunguko mzima, kama nyuzi 350, isipokuwa kipande kidogo mbele ya paji la uso na kingine nyuma ya mkia. Ameumbwa amwone simba kabla simba hajamfikia. Halafu mnaingia watu watatu, macho ya mbele, mikono imenyooshwa, mnamziba njia zote. Kwake ule ulikuwa uwindaji. Kamba nayo anaijua, kovu linasema.

Sasa kazi yenyewe. Farasi hajifunzi pale unapomsogelea, anajifunza pale unapomwachia. Ukimkaribia akakimbia nawe ukasimama, umemfundisha kwamba kukimbia kunamwondolea mtu. Ukimkaribia akatulia, hata kwa pumzi moja, nawe ukageuka ukaondoka, umemfundisha kwamba kutulia ndiko kunakomwondolea mtu. Kila kitu kinajengwa juu ya hapo.

Kwa hiyo ingia peke yako, langoni simama. Usimwendee moja kwa moja, tembea kama unapita, kwa upinde, bega likiwa upande wake. Kuna mstari usioonekana: ukiuvuka, kichwa kinainuka, sikio linageuka, uzito unahamia miguu ya nyuma. Simama kabla ya mstari huo, siyo juu yake. Subiri dalili ndogo tu, kichwa kishuke kidogo, apumue kwa nguvu puani, atafune kitu ambacho hakipo mdomoni. Hapo hapo geuka uondoke. Pumzika. Rudia mara nne tano kisha toka kabisa zizini. Dakika 15 zinatosha. Mnaokaa saa mbili mbili mnamchosha tu.

Na akigeuza makalio usiende. Hiyo lugha iheshimu, teke la farasi linaua. Rudi nyuma mpaka akuone kwa jicho, kisha anza tena.

Mkono Mzito

Mimi nitasema ukweli, mnambembeleza sana. Wazee walikuwa wanamnyima maji na majani siku moja, jioni unaingia na ndoo, atakuja mwenyewe. Njaa ndiyo mwalimu. Siku tatu tu anakula mkononi.

Daktari wa Zizi

Mkuu, kwa heshima, hilo wengine wasilichukue. Mimi ni daktari wa mifugo na nimeshatibu matokeo yake.

Tumbo la farasi linatoa asidi muda wote, ale asile. Kinachoipoza ni mate, na mate yake hutoka anapotafuna. Akikaa saa nyingi bila kutafuna, asidi inaanza kuchoma tumbo lenyewe. Mnyama mwenye hofu tayari yuko karibu na vidonda, ukimnyima chakula unamsukuma. Maji ndiyo kabisa: mwenye kilo 400 anahitaji lita 20 hadi 40 kwa siku kutegemea joto, akikosa, majani yanakauka tumboni na anaweza kufa kwa msokoto wa tumbo. Atakuja kwenye ndoo, ndiyo, kwa sababu hana la kufanya. Hilo halina uhusiano na kumwamini mtu.

Mlezi, majani makavu yawepo mbele yake mchana na usiku. Kilo 6 hadi 8 kwa siku kwa uzito huo, yagawe sehemu tatu nne za zizi ili awe anatembea. Chakula kitamu kidogo unaweza kukitumia wakati wa mafunzo, lakini kiwe kwenye chombo bapa chini, si mkononi. Wa porini akizoea mkono kuwa chakula, kesho anauma vidole, na kosa si lake.

Nina maswali mawili. Uzio una urefu gani? Na umewahi kumkuta amelala chini, ubavu umegusa ardhi?

Mlezi Mpya

Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Daktari, uzio ni mbao, urefu unanifika kidevuni. Kuhusu kulala, sijawahi kumwona hata mara moja. Nilidhani farasi hulala wamesimama?

Daktari wa Zizi

Husinzia wamesimama, ndiyo, magoti yanajifunga wasianguke. Lakini usingizi mzito kabisa hawaupati bila kulala chini, na hawalali chini mahali wasipopaamini. Wiki 6 bila kulala chini ni mnyama aliyechoka sana. Porini kuna desturi nzuri: wengine wakilala, mmoja anabaki amesimama analinda. Huyu wako halindwi na mtu.

Uzio, ongeza. Marekani anayekabidhiwa farasi mwitu mkubwa ambaye hajazoea watu hutakiwa awe na uzio wa angalau futi 6, na waya wa miba haukubaliwi. Hawakuutunga urefu huo bure.

Mama wa Punda

Hapo daktari amegusa nilichotaka kusema. Yuko peke yake! Mnazungumza kamba na hatamu na mtoto wa watu hana mwenzake. Mtafutie farasi mzee mtulivu, aliyezoea watu, umweke zizi la pembeni waonane kwanza kwa uzio kati yao. Usiwachanganye siku ya kwanza. Mgeni atengwe wiki mbili tatu, apimwe minyoo na kifua. Hata punda anafaa, wangu amewatuliza wawili, ila punda wana minyoo ya mapafu ambayo wao hawaioni taabu lakini farasi humkohoza, basi mpime kinyesi kabla.

Faida ya mwenza si upweke tu. Atakuona unamgusa yule mzee, unampiga brashi, unamfunga kamba, na mzee anatafuna hana habari. Wanatazamana sana hawa.

Kwato Nne

Naunga mkono kwa mikono miwili. Nilisahau kuuliza.

Jicho la Pili

Niongeze kuhusu vitu vipya maana hilo halijajibiwa. Usiviondoe vyote vinavyomtisha, utamlea kwenye dunia ya uongo. Wala usimzungushie turubai apate kuzoea kwa nguvu, akisimama amekauka macho yametoka hajazoea, amekata tamaa. Kitu kimoja kipya kwa wakati mmoja. Kiweke chini nje ya zizi, mbali, kisiende kwake. Farasi ana udadisi mkubwa kuliko tunavyompa sifa. Akiachiwa atakizunguka, atakikoromea, mwishowe atakinusa. Turubai lianze limekunjwa, siku nyingine limekunjuliwa nusu, siku nyingine juu yake pana majani. Na kila alichokizoea kwa jicho la kushoto mrudishie kwa la kulia kana kwamba hajawahi kukiona.

Jingine ni uso wako. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwaonyesha farasi 28 picha za watu, wengine wanatabasamu, wengine wamekasirika. Wale wenye hasira walitazamwa zaidi kwa jicho la kushoto na mapigo ya moyo yakapanda haraka. Picha tu! Kwa hiyo siku umeamka vibaya, mwekee majani utoke. Siku hiyo usifundishe.

Mkono Mzito

Nimesoma maelezo ya daktari. Sikuwa najua habari ya asidi, nilifundishwa hivyo na mzee wangu naye alifundishwa hivyo. Nimejifunza. Mlezi, puuza nilichoandika mwanzo.

Mlezi Mpya

Wadau, siku 24 zimepita, narudi na taarifa.

Uzio nimeuongeza. Nilipata jike mzee, ana miaka 22, meno yamebaki machache, mtulivu kupita kiasi. Alitengwa, akapimwa, akawekwa zizi la jirani. Siku ya kwanza Umande alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, wakagusana pua kwenye uzio, wakapigiana kelele, halafu wakasimama hapo mpaka giza likaingia. Sasa wako pamoja.

Kuondoka ndiko kulikoniwia vigumu, nakiri. Akitulia moyo wangu unataka kusogea, siyo kugeuka. Siku tano za mwanzo nilikuwa nachelewa kumwachia. Nilipoanza kugeuka mapema, siku ya nane akanifuata hatua mbili. Siku ya 15 nilikuwa nampiga brashi mzee, nikasikia pumzi mgongoni. Sikugeuka. Alininusa bega, nywele, akaenda zake.

Siku ya 20 nilimgusa. Kwa nyuma ya mkono, shingoni panapoungana na mgongo, kwa muda wa kuhesabu mpaka mbili, kisha nikaondoka. Juzi nimemkuna pale pale akanyoosha mdomo wa juu kama wanavyofanya wao kwa wao.

Na leo asubuhi ana majani yamenata ubavu wote wa kulia, na vumbi mpaka shavuni. Mzee amesimama pembeni yake. Daktari, nadhani unajua maana yake.

Daktari wa Zizi

Najua. Umenifurahisha kuliko unavyodhani.

Kwato Nne

Umepapata penyewe. Pale kwenye mwinuko wa mgongo ndipo wanapokunana, na imepimwa kwamba akikunwa pale mapigo ya moyo hushuka. Kaa hapo siku nyingi. Kisha shuka begani, kisha mguu wa mbele wa kulia usio na kovu, mpaka gotini tu. Wa kushoto uwe wa mwisho kabisa.

Kamba isiingie bado. Anza na kitambaa laini mkononi, kisha ukanda mfupi usiofungwa, upite shingoni na kuondoka. Hatamu ivaliwe na mzee mbele yake kila siku. Ikifika zamu yake, mvishe na kumvua mara kumi, na usimwache nayo usiku, ikinasa kwenye mbao unarudi mwanzo kabisa.

Mlezi Mpya

Sawa kaka, nimekuelewa. Na kwato? Zinakua tu huku nasubiri.

Daktari wa Zizi

Kwato hukua kama milimita 8 hadi 10 kwa mwezi, kwa hiyo una nafasi, si nyingi. Mwagia changarawe njia ya kwenda kwenye maji, zitajisaga zenyewe kiasi anapotembea. Zikianza kupasuka au akichechemea usingoje uaminifu ukamilike, niite au ita daktari wako, tutampa dawa ya usingizi mwepesi na fundi afanye kazi yake mara moja akiwa ametulia. Hiyo haitamrudisha nyuma kama ile kona. Fundi naye aanze kuja sasa, bila vifaa, awe anamkuna mzee na kuondoka.

Mlezi Mpya

Nimempigia fundi. Anakuja Jumamosi, mikono mitupu.