Mazoezi ya unasihi darasani: nitaacha lini kuigiza?

ChakiNyeupe

Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo, hasa kwa mliopitia mafunzo ya ushauri nasaha.

Kwa kazi mimi ni mwalimu wa hesabu wa siku nyingi, na sasa nasomea unasihi jioni. Nadharia hainisumbui. Niamshe usiku wa manane nitakutajia masharti ya Carl Rogers, yule mwanasaikolojia wa Marekani (mnasihi awe mkweli, amkubali mteja, amwelewe), bila kufungua daftari. Shida inaanza tukigawanywa watatu watatu: mmoja mnasihi, mmoja mteja, mmoja mwangalizi.

Nikikaa kiti cha mnasihi najiona muongo. Mwenzangu anayekuwa mteja ana kipaji kikubwa mno. Dakika ya kwanza kafiwa na mume, ya tatu kafukuzwa kazi, na kabla sijavuta pumzi mtoto wake kashikwa na bangi. Analia, anapangusa macho, halafu nyuma ya leso namwona anacheka. Mimi najikaza nisicheke huku kichwani napitia orodha tuliyopewa: mwelekee, mtazame, tikisa kichwa, uliza swali la wazi, rudisha hisia (mtajie hisia unayoisikia kwake), fanya muhtasari. Niko kama mtu anayejifunza gari, macho yote kwenye gia, barabara haioni. Mteja kasema jambo zito, mimi sikulisikia, nilikuwa naitafuta sentensi ya kuanzia na "Kwa hiyo unajisikia..."

Hiyo "kwa hiyo unajisikia" nilimjaribia mdogo wangu nyumbani. Akaniuliza kama naumwa.

Mwangalizi naye kazi yake ni moja: "Umefanya vizuri, ila jiamini." Nijiamini vipi, hasemi. Na ualimu wenyewe haunisaidii, maana mtu akianza tu kueleza tatizo, mimi jibu limeshafika kwenye ulimi. Maisha yangu yote nimelipwa kutafuta x.

Tathmini yetu ni kurekodi kikao cha dakika 20 na mwanafunzi mwenzako, kisha kuandika sehemu yake neno kwa neno na kuichambua. Sasa nauliza: mteja alete la kwake la kweli au atunge? Mwangalizi afanye nini hasa? Na hali hii ya kuigiza inaisha, au ndiyo kazi yenyewe ilivyo?

---

KitiChaTatu

Mwalimu, karibu. Kusimamia haya mazoezi ndiyo kazi yangu, na nakuhakikishia wapo wanaomaliza kozi bila kugundua kwamba walikuwa wanaigiza.

Nianze na mteja, kwa sababu wewe unajilaumu wakati tatizo limekaa kiti cha pili. Mteja wa kutunga anaifuata hadithi yake, hakufuati wewe. Ukisema neno lililompata, halimbadilishi. Ukisema lililopotea kabisa, analia vilevile, kwa kuwa alishapanga kulia. Basi huwezi kujua umegusa wapi na umekosa wapi, na hicho ndicho ulichoendea pale.

Kwenye makundi yangu mteja analeta jambo lake la kweli, ila dogo. Anapima mwenyewe: 0 ni lisilomsumbua hata kidogo, 10 ni linalomnyima usingizi. Alete la 3, likizidi sana la 4. Jirani anayeazima vitu asirudishe. Barua ya maombi ya kazi ambayo kila siku ataiandika kesho. Dada aliyekuwa akipiga simu kila jioni na sasa kanyamaza. Jambo la 3 linatosha dakika 20 na likabaki, mradi mnasihi asilimalize kwa ushauri dakika ya pili.

Tuchukue hilo la dada. Mteja anasema: "Siku hizi dada yangu haniambii mambo yake. Nayasikia kwa watu." Nina walimu, wauguzi, wachungaji na wazazi darasani, na karibu wote hujibu: "Umejaribu kumpigia wewe?" Hilo ni swali funge, la kujibiwa ndiyo au hapana, tena limebeba ushauri tumboni. Mteja atasema "nimejaribu," na hapo maongezi yamekufa, mnasihi ameanza kuhangaika na swali jingine. Sasa jibu hivi: "Unayasikia kwa watu." Maneno ya kwake mwenyewe, kisha ufunge mdomo. Mara nyingi kinachofuata ni cha aina hii: "Ndiyo! Kaposwa, na mimi nimeambiwa na mtu baki." Umefika penye maumivu na hujauliza kitu.

Kimya kinachofuata usikiogope. Mteja akiinamisha macho anatafuta jambo, mwache alitafute. Wanafunzi wangu hukimbilia kumwokoa, na wanachookoa ni nafsi zao.

Jingine: simamisheni kikao mrudi nyuma. Sijui nani aliwaambia watu kwamba zoezi lazima litiririke hadi mwisho bila kukatika. Faida kubwa ya mazoezi ni kwamba unaweza kusema "simama", mteja akarudia sentensi yake ya mwisho, ukaijibu upya, na ikibidi ukaijibu tena, kisha yeye akasema ni jibu lipi limemfikia. Mteja wa ofisini hatakupa nafasi hiyo.

Orodha ya kichwani iweke kando. Allen Ivey, mtaalamu wa unasihi wa Marekani, na wenzake, miaka ya 1960, waliupasua unasihi katika stadi ndogondogo, na mwanafunzi akawa anarekodiwa kwa video akifanya stadi moja, anajitazama, anarudia, ndipo anakwenda nyingine. Orodha kama yenu zinatokana na kazi za namna hiyo, isipokuwa ninyi mmebebeshwa stadi zote kwa mkupuo. Zoezi lako la kwanza liwe hili: dakika 5 za kurudisha maneno ya mteja bila kuuliza swali hata moja. Utatokwa jasho.

Mwangalizi mnyang'anyeni neno "vizuri". Mpeni karatasi na saa. Aandike aliyoyasikia na aliyoyaona, maoni yake ayaweke mfukoni. Mfano: "Dakika ya 4, mteja kasema 'sijali', akakunja mikono. Mnasihi kauliza kuhusu kazi." Ukisomewa mstari huo unahitaji hukumu gani tena? Na mkimaliza, katika kurudishiana mliyoyaona, mnasihi aanze, afuate mteja, mwangalizi awe wa mwisho. Akianza yeye, wawili waliobaki watamkubalia tu ili mwende nyumbani.

---

Mama_wa_Zamu

KitiChaTatu nakuheshimu, ila hilo la jambo la kweli tusilipitishe haraka hivyo. Darasani unakaa na watu ambao kesho utafanya nao kazi. Na jambo la 3 lina tabia ya kupanda. Nimeshuhudia mtu kaanza na zamu za kuosha vyombo, katikati kafika kwa marehemu mama yake, msimamizi yuko kundi jingine, muda umekwisha na watu wanakunja viti. Yule mtu alirudi nyumbani na nani?

Kwa hiyo kabla ya yote mkubaliane. Yanayosemwa pale yanabaki pale, na msimamizi akitaka mfano wa kutoa mbele ya darasa atoe wa kwake. Mteja ana ruhusa ya kusema "naishia hapa" bila kutoa sababu. Na ajulikane nani wa kumwendea mambo yakipanda. Hayo yakikosekana, tungeni.

Halafu yapo ambayo hata ungetaka huwezi kuyaleta kwa ukweli. Mimi ni muuguzi, na nasaha yangu ya mwanzo ilikuwa ya kabla na baada ya kupima VVU. Kuna sentensi lazima ulimi uizoee: "Majibu yako yanaonyesha una VVU." Fupi, wazi, kisha unanyamaza. Kwenye mazoezi watu huizungusha weee, mara "kuna kitu kidogo tumekiona", mara mtu ameshaanza kueleza ratiba ya dawa na mteja hata hajaambiwa anazo za nini. Hiyo sharti iigizwe, tena na tena.

Vilevile kumuuliza mtu, "Umekuwa ukifikiria kujiua?" Watu wanaogopa kwamba ukiuliza umemtia wazo. Humtii. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kujiua, na mara nyingi kunampunguzia wasiwasi na kumfanya ajisikie ameeleweka. Lakini kujua hivyo ni jambo moja, na kuliachia neno "kujiua" litoke kinywani ni jingine. Likikwama mbele ya mwanafunzi mwenzako, mbele ya mteja litakwama zaidi. Hata maelezo ya mipaka ya usiri, yale ya lini utalazimika kumwambia mtu mwingine, yanahitaji kutamkwa kwa sauti mpaka yaache kusikika kama tangazo.

Kwa huyo mwenzako wa tamthilia, mpe kadi. Iwe na umri na kazi ya mteja, kilichomleta leo (kimoja tu, mwambie kimoja!), asichotaka kukisema, na kitu ambacho mnasihi akikifanya, mteja atalitoa hilo alilolificha. Hiyo ya mwisho ndiyo itamlazimisha akusikilize, maana ana mlango wa kuulinda. Ila asiandike maisha ya mgonjwa wake au ya jirani, hata akibadilisha jina.

Mkimaliza, mteja atoke kwenye uhusika: ahame kiti, ajitaje jina lake, aseme jambo moja linalomtofautisha na yule aliyemwigiza. Naona mnacheka. Fanyeni tu, hasa baada ya igizo la msiba.

---

BwanaKaseti

Mimi naongezea kurekodi, kwa kuwa tathmini yenyewe ni hiyo.

Rogers na wanafunzi wake walikuwa wakirekodi vikao kwenye sahani za santuri mwanzoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1942 alichapisha vikao vya mteja mmoja neno kwa neno. Walijisumbua na mitambo yote ile kwa sababu mtu akisimulia kikao chake, anasimulia alichokusudia kusema. Sisi tuna simu mfukoni na bado tunasimulia.

Usingoje tathmini. Rekodi kila zoezi, kwa ruhusa ya mteja, na mkubaliane siku ya kuifuta. Wakati wa kusikiliza usihesabu makosa. Norman Kagan wa Michigan State University alikuwa na njia ninayoipenda: rekodi inachezwa, aliyekuwa kwenye kikao anaisimamisha mwenyewe popote anapokumbuka jambo, na mwenzake anauliza tu. Hapo ulikuwa unawaza nini? Kuna kitu ulitaka kusema ukakiacha? Ulidhani yeye anakuonaje? Asimsahihishe hata mara moja.

Mwalimu, nadhani wewe ungesimamisha pale kwenye leso. Ungesema, "Hapa niliona anacheka, nikajifanya sijaona." Kumbe kulikuwa na kitu cha kweli ndani ya chumba, na kingeweza kusemwa: "Naona unalia na unacheka." Lile sharti la ukweli wa mnasihi unalolitaja usiku wa manane lilikuwa limekaa mbele yako.

Na kwenye kuandika neno kwa neno, andika kwanza maneno ya mteja peke yake, mistari yako iache wazi. Isome, ujaze ungejibu nini leo, ndipo usikilize ulichojibu siku ile. Inauma kidogo, lakini uchambuzi unakuwa umejiandika nusu.

---

PembeniTu

Mimi msomaji tu. Ila hilo la "mtazame" msiligeuze amri. Viti vikikaa pembe kidogo, mteja anakuwa na mahali pengine pa kupeleka macho, na wapo wanaoongea vizuri zaidi hivyo.

---

ChakiNyeupe

Mama_wa_Zamu, shikamoo, na wengine wote ahsanteni. Tumejaribu.

Kadi imemtuliza mwenzangu kuliko nilivyotarajia. Mteja wake sasa ana jambo moja, anajibu polepole, na kuna mahali alinikatalia kabisa kwa sababu niliharakisha. Nilifurahi kukataliwa, jambo ambalo kwa mwalimu si la kawaida.

Kisha zamu yangu ya kuwa mteja nikaleta la kweli, la 3 kwa kipimo cha KitiChaTatu: mwalimu mwenzangu anayesahihisha mitihani ovyo na mimi narudia kimyakimya. Mnasihi akaniambia, "Kwa nini usimwambie mkuu wa idara?" Wazo zuri, hata mimi ningelitoa. Lakini nilisikia kabisa hamu ya kuendelea kuongea ikiniishia. Nikajibu "nitajaribu" kwa adabu, kumbe ndivyo wanafunzi wangu wanavyonijibu.

Nikaingia kwenye zile dakika 5 bila swali. Nilikuwa naenda vizuri, hadi mteja akanikazia macho: "Lakini mwalimu, wewe ungefanyaje?" Nikaganda. Kuuliza siruhusiwi, kushauri siruhusiwi. Hapo mtu anatokaje?

---

KitiChaTatu

Usimrushie "wewe unaonaje?" papo hapo. Wateja wanalichukia jibu hilo, na wana haki.

Rudisha kilichomo ndani ya swali lake: "Umefika mahali unatamani mtu mwingine akuamulie." Halafu subiri, hata akinuna kidogo. Wengine wataanza kueleza walivyochoka kuamua peke yao, na swali wanalisahau. Akikuuliza tena, usijifanye huna mawazo, hataamini. Mwambie unayo, ila unataka kwanza kumsikia ameshajaribu nini na ilikuwaje. Hilo ni la kikao cha kawaida. Ndani ya dakika zako 5 bakia kwenye la kwanza tu.

Na Mama_wa_Zamu ana haki kuhusu makubaliano. Kwangu yanasainiwa siku ya kwanza, nilipaswa kuyataja kabla ya kipimo cha 0 hadi 10.

Mwalimu, ukirekodi sehemu hiyo, bandika hapa mistari yako tuitazame. Yako peke yako, ya mteja usiweke.