MREJESHO: Kampuni niliyoacha kazi ilinidai mshahara "uliozidi"

Wakuu, nimerudi. Mtakumbuka niliacha kazi katikati ya mwezi, wao wakaingiza mshahara kamili, kisha HR wakanitumia barua: rudisha 520,000 ndani ya siku saba, la sivyo cheti cha utumishi hupati.

Nilifanya mlivyonishauri, sikutuma hata senti. Niliomba mchanganuo kwa maandishi. Kimya wiki mbili! Ulipokuja, siku 13 kwa 40,000 kweli zilizidi, hapo sikubisha. Ila walisahau (tuseme walisahau) siku zangu 9 za likizo, sawa na 360,000. Halafu walikuwa wanadai kabla ya makato, wakati PAYE (kodi ya mshahara) na NSSF (michango ya pensheni) havikupita mfukoni mwangu kabisa.

Nikawajibu kwamba cheti ni haki yangu kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, deni au hakuna deni, na kama hawataki tukutane CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi). Kesho yake mhasibu akapiga, sauti ya upole ajabu.

Baada ya kutoa likizo na makato, tumesaini nirudishe 130,000, nalipa kwa awamu mbili. Cheti nilichukua jana. Yule aliyesema nibadilishe laini ya simu wasinipate, hapana mkuu, pesa ilizidi kweli.